Blanketi Chini ya Kufuli Mbili

Temeke Mikoroshini,
13 Februari 1972

Kwa Bibi yangu mpenzi, Bibi Sesilia,

Shikamoo Bibi. Shikamoo ya pili inatoka kwa Mama, ya tatu kwa Baba, na ya nne kwa dada Adelina, ambaye amenikataza kuandika kwamba anaimba tangu asubuhi, kwa hiyo sijaandika. Sisi hapa hatujambo. Mafua ya Baba yamekwisha. Mpe salamu zangu Mwalimu Nikodemu anayekusomea barua hii, na umwambie asante kwa kukufundisha kisomo. Umeshafika herufi gani?

Mimi niko Kidato cha Pili. Juzi mwalimu wa Kiswahili alisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Niliinama chini ya dawati kutafuta kalamu, ingawa kalamu nilikuwa nayo mkononi, na sikutoka huko mpaka alipomaliza.

Sasa habari kubwa. Posa ya Adelina imekubaliwa. Mchumba anaitwa Adelard, karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, mrefu na mpole, akicheka hufunika mdomo. Mambo yote yamekwisha isipokuwa moja, nalo ni lako: blanketi la bibi. Baba amewaambia wazi, "Mama yangu ndiye aliyemlea Adelina tangu hajajua kutambaa. Matangazo ya ndoa hayatasomwa kanisani mpaka Mama aseme kwa maneno yake kwamba amelipokea." Wamekubali. Mshenga wao, Mzee Apolinari, ataleta blanketi toka Bukoba mwezi ujao, na sisi tutakutumia kwa basi. Lakini Adelard anahamishiwa Kigoma mwezi wa kumi, kwa hiyo ndoa lazima iwe kabla ya hapo. Adelina anahesabu Jumapili kwa vidole.

Habari nyingine ni ya sanduku. Mji mzima unakusanya nguo za kupeleka kwenye vijiji vipya vya ujamaa, na kila nyumba kumi zimeambiwa ziweke sanduku lao la nguo. Letu liko barazani kwetu kwa sababu Mjomba Albano ndiye aliyelitengeneza. Unamjua Mjomba: ukimwagiza sanduku, anakuchongea mtu. Lina mashavu, lina macho yaliyofumba kwa kicheko, na mdomo umeachama. Nguo unazitia mdomoni. Watoto wanaliita Babu Mlanguo, na wakipita wanaliamkia.

Ufunguo anao Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Jamali. Unamkumbuka, yule mtani wetu aliyekuibia kuku ukiwa umemshika. Juzi Jiji limeleta kanuni za masanduku, kurasa mbili za chapa, na mimi nikaambiwa niwasomee majirani eti kwa kuwa niko sekondari. Sauti yangu haikufika hata mstari wa pili. Balozi akawa anarudia kila sentensi kwa nguvu na kuongeza ya kwake. Mdomo wa sanduku usizidi shibiri moja. Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Balozi na mwingine kwa bwana afya. Lisifunguliwe mpaka lijae. Nguo ziwe zimefuliwa. Sketi fupi na suruali za kubana hazipokelewi. "Na wake wa watu wasimtazame sana Babu Mlanguo," akaongeza Balozi, "ana mdomo huyo!"

Nijibu upesi, Bibi. Unataka blanketi la rangi gani?

Mjukuu wako,
Bernadeta


Kijiji cha Ujamaa Nanjilo,
kwa Posta ya Ndanda,
5 Machi 1972

Kwa mke mwenzangu Bernadeta,

Marahaba. Mimi sijambo, goti la kushoto tu linajua mvua kabla ya mbingu. Mihogo imeshika. Shamba la kijiji tumelipalilia. Mbuzi wako amezaa pacha na nimempa mmoja jina lako, maana naye hujificha nyuma ya mama yake akiona mgeni.

Herufi nimefika L. Mwalimu anasema herufi ya S, ya jina langu, bado iko mbali. Nimemwambia airuke njia aje nayo mapema. (Mimi Nikodemu nimemweleza Bibi kwamba herufi hazifanyi hivyo.)

Adelina nimefurahi. Huyo mrefu mpole sina neno naye, na kufunika mdomo si kosa, labda ana pengo. Lakini sikiliza kuhusu blanketi. Liwe jekundu. Liwe zito, nikijifunika nijue nimefunikwa. Liwe la kumfanya Bibi Tabu jirani yangu asalimie mara mbili. Kila mwanamke wa rika langu hapa mwenye mjukuu aliyeolewa ana blanketi lake, mimi peke yangu najifunika khanga mbili na maneno matupu. Mtoto nimembeba mgongoni kutoka Masasi hadi hapa kwa miguu. Bila blanketi haendi Kigoma wala haendi Keko.

Na hizo nguo za sanduku nimesikia zitaletwa vijijini kwetu. Wape wengine. Mimi siwezi kuvaa suruali ya mtu nisiyemjua. Bibi mwenye wajukuu mjini hasimami kwenye foleni ya nguo.

Msalimie mwanangu, baba yako. Na Jamali mwambie yule kuku alikuwa mgonjwa.

Bibi yako mwenye baridi,
Sesilia
(imeandikwa na Nikodemu)


Temeke Mikoroshini,
27 Machi 1972

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo Bibi. Sisi hatujambo kabisa. Baba hajambo, Mama hajambo, Mjomba Albano hajambo, jirani zetu wote hawajambo, hata wale ambao huwa wanaumwa. Mvua inanyesha sana. Nimefurahi kusikia juu ya mbuzi. Je, yule pacha wa pili umempa jina gani? Mihogo nayo ni zao zuri. Tumesoma shuleni kwamba inastahimili ukame.

Kuhusu blanketi: limeshafika Temeke. Ni jekundu, kama ulivyotaka, ingawa barua yako ilikuwa haijafika, kwa hiyo unaona jinsi watu hawa wanavyokujua. Liko salama sana. Liko chini ya kufuli mbili.

Barabara ya kusini imekatika huko Rufiji na mabasi hayapiti, basi hata tungetaka kukutumia sasa isingewezekana. Hilo ni jambo la kushukuru. Nimekosea, namaanisha ni jambo la kusikitisha.

Adelina amepunguza kuimba. Balozi Jamali hapiti tena mbele ya nyumba yetu, huzunguka nyuma kwenye migomba. Pasaka njema, Bibi.

Nina mtihani wa jiografia.

Mjukuu wako,
Bernadeta


Nanjilo,
2 Mei 1972

Wewe Bernadeta,

Marahaba ya haraka. Mihogo, mbuzi na goti vyote havijambo, tuache hayo.

Kufuli mbili za nini? Blanketi langu limeua mtu? Mahabusu hufungwa kufuli moja. Na Jamali anayezunguka kwenye migomba ana nini? Mimi nimelea watoto tisa, mtoto akianza kunieleza habari za ukame najua chungu kimevunjika.

Nataka neno moja la kweli. Kama mavuno yatakwisha sijaona blanketi, Adelina arudi Nanjilo, nitamwoza kwa Mwalimu Nikodemu. Ana baiskeli. (Mwandishi hakuulizwa juu ya jambo hili. Mwandishi ana mchumba Nachingwea.) Mwandishi aandike anayoambiwa.

Herufi nimefika R. Nitakusoma mwenyewe, ukinidanganya nitaona.

Sesilia


Temeke Mikoroshini,
18 Juni 1972

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo Bibi, na shikamoo nyingine ya kuomba radhi. Ningeandika mapema, ila nilitaka niwe na mwisho wa kukuambia, na mwisho umepatikana juzi. Kaa kwenye mkeka, na Mwalimu Nikodemu asome polepole.

Mzee Apolinari alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Ni mzee wa heshima, koti na kofia kwenye jua lile, na blanketi lako kalikunja kwapani. Hakuijua nyumba, maana posa ilikuja kwa barua, akamuuliza Balozi Jamali aliyekuwa barabarani. Maneno ya Balozi nimeyapata baadaye kutoka kwake mwenyewe, akiapa na kujipiga kifua.

"Karibu mzee," alimwambia. "Nyumba ni ile. Lakini mila za watu wa kusini unazijua?"

"Sizijui, ndugu yangu. Nisaidie nisije nikaharibu."

"Kitu cha bibi hakipokelewi kwa mkono, ni aibu kubwa. Unamwona yule anayecheka pale barazani? Huyo ndiye babu wa ukoo. Unapiga magoti, unampa mdomoni kwa mikono miwili, husemi neno. Ukimaliza ndiyo unabisha hodi."

Sasa Bibi, mimi na Mama tulikuwa dirishani. Tulimwona mgeni mwenye koti anavua kofia mbele ya Babu Mlanguo. Akapiga magoti. Akainamisha kichwa. Kisha akaanza kumlisha blanketi. Mdomo ni shibiri moja kama kanuni inavyosema, na blanketi ni nene, likakwama. Akasukuma kwa mikono, akasukuma kwa kiwiko, jasho linamtoka, hasemi neno.

Nilitaka kutoka nimzuie. Mama akanishika mkono. "Nyamaza! Pengine ndivyo watu wa Bukoba wanavyosalimia. Ukimcheka utavunja uchumba wa dada yako." Basi tukasimama kimya kwa heshima, naye akasukuma kwa heshima, mpaka ncha ya mwisho ikaingia. Akajifuta magoti, akabisha hodi.

Baba akamkaribisha, chai ikaletwa. Mzee Apolinari akaweka kikombe chini na kusema kwa furaha, "Basi, tumeshakabidhi."

"Mmekabidhi nini?" akauliza Baba.

"Blanketi la bibi. Nimempa babu."

Baba akamtazama Mama, Mama akanitazama mimi, na kule nje nyuma ya ukuta tukasikia mtu anaanguka kwa kicheko. Alikuwa Balozi Jamali. Aliingia machozi yanamtoka, ufunguo mkononi. "Msikasirike jamani, utani tu! Ngoja niwafungulie." Akaenda kwenye sanduku, akafungua kufuli lake, akavuta kifuniko. Hakikufunguka. Akavuta tena. Ndipo akaacha kucheka. Bwana afya alikuwa ameleta kufuli la pili jana yake jioni, na Balozi mwenyewe ndiye aliyempa chai.

Jumatatu walikwenda ofisini kwake, Baba, Mzee Apolinari na Balozi. Bwana afya si mtu mbaya, aliwapa viti. Lakini akawasomea kanuni: kilichoingia sandukuni ni mali ya umma, hakirudi kwa mtu yeyote, hata aliyekitoa. Na sanduku halifunguliwi mpaka lijae. "Nikilifungua kwa ajili ya blanketi lenu," akasema, "kesho atakuja mtu anadai suruali."

Mtani hakasirikiwi, unajua. Baba alijaribu kununa akashindwa, kila akikumbuka yale magoti anacheka. Aliyeteseka ni Adelina, maana hakuna blanketi hakuna neno lako, na bila neno lako hakuna matangazo. Alimwambia Balozi mambo mawili tu: "Shemeji, mie nisipoolewa nahamia kwako. Na ninakula sana."

Basi Balozi akaanza kulijaza sanduku. Alitia shati lake la kijani, akatia suruali mbili, akatia kanzu ya Idi. Mvua ilikuwa nyingi na watu walihitaji nguo zao, hawakutoa kitu, kwa hiyo akaendelea kutoa yeye. Mwezi wa tano alikuwa amebaki na kikoi na fulana moja. Mkewe alipoona anavizia pazia akampeleka mumewe kwa mama yake akapumzike. Watu wakamhurumia, wakaanza kuleta nguo, na juzi Alhamisi Babu Mlanguo akawa amejaa hadi kwenye meno.

Mimi wakati huo nilikuwa nazisoma zile kurasa mbili. Nilizisoma kama mtihani. Na nikaona kwamba kanuni inakataza kitu kurudi kwa mtu, lakini inasema wakazi wa nyumba kumi ndio watakaotaja kijiji kitakachopelekewa nguo zao, na kwamba mgao wa kijijini uanze na wazee. Nikakaa na jambo hilo siku nyingi moyoni, kwa sababu kulisema maana yake ni kusimama mbele za watu.

Siku ya kufungua, bwana afya akatangaza, "Nadhani nguo hizi tupeleke Kisarawe, ni karibu." Watu wakaitikia. Nikainua mkono. Nikaushikilia kwa mkono mwingine usije ukashuka.

"Sema, binti."

Nikasema. Hakuna aliyesikia. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Sauti! Huyo anaongea au anapuliza chai?"

"Nyamazeni nyie!" akafoka Balozi Jamali, kifua wazi. "Mpeni nafasi mwanasheria wangu!"

Watu wakacheka, na Bibi, sijui kwa nini, kicheko kile kilinifungua. Nikasoma kanuni ya saba yote, kwa sauti niliyokuwa siijui. Nikasema, "Natoa jina la Nanjilo." Wakapiga kura kwa mikono. Balozi aliinua miwili.

Blanketi lako lilitoka katikati ya sanduku, jekundu kama pilipili. Nililikunja kwa mikono yangu mwenyewe nikalitia kwenye gunia, Adelina akinishikia mdomo wake. Sikuandika jina lako juu yake. Kanuni hairuhusu, na mimi ndiye niliyeisoma. Lori linaondoka wiki hii, barabara imefunguka.

Kwa hiyo Bibi, nakuomba. Najua ulisema husimami kwenye foleni. Siku ya mgao simama. Ukiona jekundu, zito, usimwachie Bibi Tabu. Mwisho wa mwezi wa nane ndiyo mwisho wa kuanza kusoma matangazo.

Mjukuu wako,
Bernadeta


Nanjilo,
9 Julai 1972

Kwa mke mwenzangu Bernadeta,

Marahaba, kama umeniamkia. Barua yako sijaipata tangu ile ya kufuli mbili. Posta wanasema gari lao limeharibika, linakuja siku likijisikia. Mimi sijambo. Baridi ya mwaka huu imekuja mapema lakini mimi hainisumbui. Pacha wa pili nimempa jina la Nikodemu, anapenda kula makaratasi. (Mwandishi ameandika.)

Hapa kijijini limekuja lori la nguo kutoka mjini. Kulikuwa na sherehe, ngoma, hotuba. Wazee tuliitwa kwanza. Mimi nilikwenda kutazama tu, maana nilikuambia msimamo wangu na msimamo wangu haujabadilika. Mwenyekiti amepata kanzu nzuri sana na shati la kijani. Bibi Tabu amepata sweta lenye tundu, maskini, na hanisalimii.

Sasa nina swali, si langu, ni la bibi mmoja jirani. Bibi huyo alipewa kitu fulani cha kujifunikia. Kwenye pembe yake kulikuwa na kifurushi kidogo kimesukwa kwa nyuzi za mgomba na kushonewa vizuri. Ndani kuna punje kavu, kahawia, na maganda yake. Alidhani ni maharage ya mjini. Ameyachemsha tangu asubuhi mpaka jioni, kuni zikaisha, hayakuiva. Akaona asitupe, akanywa mchuzi wake. Mchungu! Usiku ule hakulala. Alifagia uwanja kwa mbalamwezi, akapepeta mtama wote, akasimulia hadithi peke yake na kuzicheka. Usiku wa pili vilevile. Bibi huyo ana afya nzuri lakini anataka kujua kama atakufa. Wewe unasoma vitabu, tuambie.

Herufi ya S nimeifikia. Ni nyoka tu aliyesimama.

Na blanketi langu liko wapi? Bado nalidai. Usidhani nimesahau kwa kuwa siumwi baridi.

Sesilia
(imeandikwa na Nikodemu, ambaye anamjua bibi huyo jirani)


Temeke Mikoroshini,
31 Julai 1972

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo! Bibi, shikamoo mara nyingi! Barua yako imefika leo mchana, nimeisoma jikoni kwa sauti, na sasa nyumba nzima haina mtu aliyekaa kitini. Mama amekaa sakafuni. Adelina anaimba tena, safari hii ameniruhusu kuandika. Sisi sote wazima.

Mwambie bibi yako jirani hatakufa. Adelard alikuwepo nilipofika kwenye punje. Akaacha kufunika mdomo (hana pengo, Bibi, ana meno yote) akaruka toka kitini. "Kahawa! Kahawa ya Mama!"

Kwao Bukoba mgeni na mkwe hupewa punje za kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake. Unatia punje moja mdomoni, unaitafuna polepole mkiongea. Moja tu, Bibi! Mama yake, Ma Demetria, alisuka kile kifurushi mwenyewe na kukishona pembeni mwa blanketi, ili siku utakapolipokea umtafunie punje moja kama vile mmekaa pamoja. Bibi huyo jirani amekunywa undugu wote kwa siku moja. Mzee Apolinari, ambaye hajarudi Bukoba akingoja neno lako, alipoelezwa alitikisa kichwa akasema, "Huyo mkwe ni mzito. Kwetu hajatokea."

Dunia nzima hakuna blanketi lingine lenye kifurushi hicho. Labda barua yangu ya mwezi wa sita umeshaipata sasa, na unajua lilivyosafiri.

Sitauliza bibi jirani ni nani. Mimi ni mjukuu mwenye adabu. Nauliza tu kama bibi huyo, akilala usiku (iwapo sasa analala), anaweza kutuandikia neno moja ambalo Baba anangoja. Padre ametupa mpaka mwisho wa Agosti. Adelina ameacha kuhesabu kwa vidole, anahesabu kwa kuniamsha.

Balozi Jamali anakusalimu. Amepata shati jipya, watu walimchangia, akalivaa akapita mbele ya nyumba kwa mara ya kwanza. Anasema kuku wako hakuwa mgonjwa, alikuwa mtamu.

Mjukuu wako,
Bernadeta


Nanjilo,
14 Agosti 1972

Bernadeta,

Hii naandika mwenyewe. Nikodemu amekaa nje, nimemkataza kuchungulia.

Marahaba. Barua zako mbili zilikuja siku moja. Ile ndefu nilisoma mwenyewe kwa siku tatu. Nilipofika pale mzee anasukuma kwa kiwiko, nilicheka mpaka Bibi Tabu akaja kuuliza nani amekufa. Nikamsomea na yeye. Sasa ananisalimia.

Nimefurahi ulisimama ukasema. Yule mbuzi mwenye jina lako naye ameanza kupiga kelele.

Bibi jirani ni mimi. Nilikwenda kutazama tu. Halafu nikaona lile jekundu, mkono ukaenda wenyewe. Usiku wa tatu nilipolala, nilimwota Adelina bado mdogo, yuko mgongoni, ananivuta sikio.

Lakini sikiliza, wewe msomaji wa kanuni. Nilichopewa na kamati ya kijiji ni cha kamati ya kijiji. Mkwe wangu hajanipa kitu. Amempa kinyago. Kwa hiyo neno ambalo baba yako anangoja siwezi kuliandika hapa, litakuwa uongo, na mimi nimejifunza kuandika juzi tu, sitaki kuanza na uongo.

Naleta blanketi Temeke. Nimeomba ruhusa kwa Mwenyekiti, amenipa, alikuwa amevaa kanzu ya Jamali. Nitashuka kwenye basi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Mzee Apolinari anisubiri nje ya nyumba. Nitampa blanketi, nitaingia ndani, nitakaa kwenye mkeka, nitajifanya simjui. Yeye abishe hodi, aingie, anipe mkononi kwa mikono miwili. Akitaka kupiga magoti apige, amezoea. Hapo nitasema nimelipokea, na Jumapili Padre asome.

Punje moja ya kahawa nimebakiza. Ya kutafuna siku hiyo. Moja tu, nimeelewa.

Jamali anibebe mgongoni kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani. Na kuku aje na yeye, mzima.

Na lile jitu la Albano lifungwe kitambaa mdomoni mpaka shughuli iishe. Huyo mkwe wangu akiona mdomo wazi hajizuii.

SESILIA